Nani Anazizika? Katuni Tatu za Kijapani na Swali la Kidato cha Pili

Msomaji, nianze kwa kukiri kosa.

Mwaka jana mimi na wenzangu wawili tulialikwa kwenye shule moja ya sekondari kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha pili kuhusu damu. Unajua darasa linavyokuwa saa nane mchana: jua kali, ugali umeshashuka, macho yanafumba yenyewe. Nikaona niwe mjanja. Badala ya slaidi nikawawekea dakika kumi za Cells at Work!, ile katuni ya Kijapani ambayo ndani yake seli za mwili ni watu, huku nikitafsiri kwa mdomo. Darasa zima likaamka. Zilipotokea chembe sahani, ambazo mle ni watoto wadogo wenye kofia, zikikimbia kuziba kidonda, mstari wa mbele wote ukasema "jamani!" kwa pamoja. Nikajiona mwalimu bora wa taifa.

Kisha mkono ukanyooshwa nyuma kabisa. "Samahani mwalimu. Hizo seli zikifa, nani anazizika?"

Darasa likacheka. Na mimi, mtu ambaye shahada yangu ya uzamili ilihusu chembe nyekundu za watu wenye selimundu, nikacheka nao. Nikajibu: "Hazizikwi, zinaisha tu." Tukaendelea na somo.

Jibu lile lilikuwa baya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba si kweli. Ya pili nitaifikia mwishoni, maana inanihusu zaidi mimi kuliko katuni. Tangu siku ile nimekuwa nikiziangalia upya anime ninazozipenda, hasa zile ambazo watu wa sayansi huzisifu, nikiwa na swali la yule kijana mkononi. Kwa kawaida sisi huuliza: je, sayansi yake ni sahihi? Siku hizi naona swali hilo ni jepesi mno. Linaangalia tu kama jambo lingeweza kutokea. Kijana aliuliza jambo likishatokea, gharama anaibeba nani na uchafu anausafisha nani. Kwa kipimo hicho nimepanga tatu, kuanzia inayofeli kwa raha hadi ile ninayoiona bora kuliko zote.

Dr. Stone: duka la dawa lisilo na makaburi

Kwa usiyeijua: siku moja nuru ya ajabu inapita duniani na kila binadamu anageuka jiwe. Miaka 3,700 hivi baadaye, kijana wa sekondari anayeitwa Senku anazinduka porini. Hana nguo, hana kisu, ana kichwa chake tu, na anaamua kuujenga ustaarabu wote upya kuanzia mwanzo. Hadithi ni ya Riichiro Inagaki na michoro ya kitabu ni ya Boichi. Kwenye televisheni ilianza Julai 2019, na msimu wa kwanza una sehemu 24.

Naipenda sana, usinielewe vibaya. Sijaona kazi nyingine inayoonyesha wazi hivi kwamba kila kitu tunachotumia kimesimama juu ya mgongo wa kitu kingine. Senku anataka kumtengenezea dawa ya salfa msichana anayeitwa Ruri, mgonjwa wa mapafu. Ili apate dawa anahitaji asidi. Ili ashike asidi anahitaji vyombo vya kioo. Ili apate kioo anahitaji mchanga unaofaa, tanuru, na zaidi ya yote anahitaji Kaseki, mzee fundi ambaye hajawahi kuiona maabara lakini mikono yake inaelewa haraka kuliko vichwa vya vijana wote. Hapo katuni hii inasema ukweli ambao vitabu vyetu vya kidato huuruka: bila fundi, mwanasayansi ni mtu anayeongea peke yake porini.

Sasa kasoro. Senku ana kauli yake maarufu, kwamba ana uhakika wa "asilimia bilioni kumi". Ndugu yangu, mtafiti akikuambia ana uhakika wa asilimia bilioni kumi, kimbia. Mwanzoni kabisa anatumia karibu mwaka mzima kuchanganya asidi ya nitriki na pombe, akijaribu kwenye mbayuwayu waliogeuka mawe, mpaka apate uwiano unaowarudisha uhai. Mwaka mzima! Lakini sisi watazamaji tunaupitia kwa dakika chache. Mimi niliwahi kukaa miezi minane na kipimo cha PCR ambacho sampuli ya maji matupu, isiyopaswa kuwa na chochote, ilikuwa inadai ina DNA. Kumbe pipeti yangu mwenyewe ilikuwa imechafuka. Usiku narudi nyumbani, namwangalia Senku akifaulu, najiona mjinga. Sikujua wakati ule kwamba tofauti kati yangu na yeye ilikuwa mhariri wa filamu.

Na hiyo dawa yenyewe ina historia ambayo katuni haiigusi. Dawa za salfa ni za kweli, na ziliokoa watu wengi kabla penisilini haijaenea. Gerhard Domagk na wenzake Ujerumani walitangaza matokeo yao mwaka 1935, na mwaka 1939 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Lakini katikati hapo, mwaka 1937, kampuni moja ya Marekani ilitaka kuuza salfa ya kunywa. Ikaiyeyusha kwenye daithilini glikoli, kimiminika kitamu ambacho kumbe ni sumu ya figo, na hakuna aliyekijaribu kwanza kuona kama ni salama. Walikufa watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Ni vifo hivyo vilivyosukuma sheria ya Marekani ya mwaka 1938, iliyomtaka mtengenezaji aonyeshe usalama wa dawa kabla ya kuiuza.

Kwenye Dr. Stone, Ruri anakunywa dawa iliyopikwa kijijini kwa mara ya kwanza, hali inayumba kidogo kutupa wasiwasi, kisha anapona. Nilifurahi, nilikaribia kulia. Lakini swali la kijana wetu halina pa kukaa mle. Hakuna anayezikwa kwa sababu ya kosa la Senku, maana Senku hakosei kosa la namna hiyo. Ndiyo maana nasema inafeli kwa raha. Ni sayansi kama sikukuu, na sikukuu mtu huihitaji, ila asidhani ndiyo mwaka mzima.

Cells at Work!: mji msafi mno

Turudi kwenye katuni iliyonitia aibu. Imetokana na kitabu cha Akane Shimizu, na televisheni waliianza Julai 2018. Mhusika mkuu ni chembe nyekundu, msichana aliyevaa koti jekundu, anayesukuma maboksi ya oksijeni na kupotea njia kila mara. Rafiki yake ni chembe nyeupe aina ya nyutrofili, kijana mweupe pee, mpole, ambaye kazi yake ni kuwachinja bakteria kwa kisu.

Kama chombo cha kufundishia, sina la kuibishia. Sehemu ile ya mzio wa chavua peke yake inaeleza jambo ambalo mimi huchukua saa nzima kulieleza: kwamba kila seli inaweza kuwa inatimiza wajibu wake kwa uaminifu, na mwili bado ukaharibikiwa. Hakuna mhalifu mle. Kuna wafanyakazi wengi wanaofuata kanuni, kila mmoja kwa bidii, mpaka mji unazama. Kisha dawa ya steroidi inaingia kama roboti na kutandika kila kitu bila kuchagua. Hiyo ni sayansi nzuri na ni hadithi nzuri, kwa pamoja.

Lakini sasa tumlete kijana wa nyuma ya darasa. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Nyutrofili huishi muda mfupi zaidi, saa kadhaa hadi siku chache. Kwa hiyo urafiki ule mtamu, wa kukutana tena na tena msimu mpaka msimu, ni urafiki wa mtu na mgeni wa wiki hii. Na nyutrofili haishindi vita halafu ikaenda kunywa chai. Mara nyingi inakufa pale pale. Usaha unaoufuta kwenye jipu, sehemu kubwa ni maiti zao. Uboho wako unatengeneza chembe nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, na kama unatengeneza nyingi hivyo bila damu kujaa mpaka ikakupasua, maana yake zinazoondoka ni nyingi vilevile. Kila sekunde. Sasa hivi, unaposoma mstari huu.

Zinaenda wapi? Hapa ndipo nilipojibu uongo. Chembe nyekundu ikizeeka inapoteza ulaini wake, na kwenye njia nyembamba za wengu inakamatwa. Makrofaji za wengu na za ini zinaimeza na kuivunja. Chuma kinachomolewa na kurudishwa ubohoni kutengenezea chembe mpya: kila siku miligramu 20 hivi zinarudi kwa njia hiyo, wakati chakula kinachangia miligramu 1 au 2 tu. Kilichobaki cha ile rangi kinakuwa bilirubini, kinatoka kwa nyongo. Kwa mtu mwenye selimundu, chembe nyingi hazifiki hata siku 20, na kazi ya kuzivunja inazidi uwezo wa ini kusafisha. Ile manjano unayoiona machoni mwa mgonjwa ndiyo hiyo: mazishi mengi kuliko wazishi.

Cells at Work! inayo makrofaji, tena anapendeza: mama mwenye gauni jeupe, tabasamu halimtoki. Inamwonyesha akipigana na akilea chembe changa kwenye uboho, jambo ambalo ni kweli kabisa. Lakini kazi yake kubwa ya kila siku, ya kuwapokea wazee na kuwavunja wageuke kuwa watoto, haipewi uzito wake. Wangeionyesha ingekuwa sehemu nzuri kuliko zote: yule yule mlezi anakukaribisha ukizaliwa na anakupokea ukichoka. Waandishi walikuwa nayo mkononi.

Kuna toleo la pili lenye giza, Cells at Work! Code Black, la Januari 2021, ndani ya mwili wa mtu anayevuta sigara, analewa, halali. Mle wenzake chembe nyekundu wanakufa kweli, na waliobaki wanaulizana kazi hii ni ya nini. Mimi naipa alama nyingi kuliko dada yake. Ila nayo inakwepa kwa mlango mwingine: inatufanya tuamini kwamba seli hufa kwa sababu mwenye mwili ana tabia mbaya. Hapana. Zinakufa hata kwa mcha Mungu anayekula mchicha na kulala saa mbili usiku.

Planetes: wazoa taka wa angani

Hii ya tatu wengi wenu hamjaiona, kwa sababu ni ya zamani: mwaka 2003 hadi 2004, sehemu 26, imeongozwa na Goro Taniguchi kutoka kitabu cha Makoto Yukimura. Ni mwaka 2075. Watu wanaenda mwezini kama sisi tunavyopanda boti ya Zanzibar. Wahusika wakuu wanafanya kazi kwenye Kitengo cha Taka cha kampuni kubwa: wanaokota vipande vya setilaiti zilizokufa. Ofisi yao iko chini, bajeti ni ndogo, na wenzao wa idara nyingine wanawaita Nusu Kitengo, maana hata wafanyakazi hawatimii.

Dakika za kwanza kabisa: chombo cha abiria kinapigwa na skrubu moja. Skrubu! Mke wa Yuri, mmoja wa wahusika wetu, anakufa. Na hesabu inakubali. Kitu kinachozunguka karibu na Dunia huenda kilomita 7 hadi 8 kwa sekunde, yaani Dar es Salaam hadi Morogoro ndani ya nusu dakika. Kwa kasi hiyo hakuna kitu kidogo. Donald Kessler na Burton Cour-Palais walionya tangu mwaka 1978 kwamba vipande vikigongana vinazaa vipande zaidi, navyo vinagonga vingine, mpaka baadhi ya njia za angani zijae taka. Tarehe 10 Februari 2009, miaka mitano tu baada ya katuni kwisha, setilaiti ya Marekani Iridium 33 na ile ya Urusi iliyokufa, Kosmos 2251, ziligongana kweli na kuacha vipande zaidi ya 2,000 vinavyoweza kufuatiliwa.

Na usidhani hayo ni ya wenye roketi peke yao. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha chombo cha angani. Nilipoiona ile picha ya pete, watu wameizunguka, sikukumbuka kitabu chochote cha fizikia. Nilikumbuka Planetes.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba katuni hii inaandika bili na kutaja nani amepewa. Kuna mwanaanga mkongwe, shujaa wa wote, ambaye ana saratani ya damu kwa sababu ya miaka mingi ya kupigwa na mionzi nje ya chombo. Kuna Nono, msichana aliyezaliwa mwezini: ana miaka 12 lakini urefu ni wa mtu mzima, na mwili wake hauwezi kuishi Duniani. Kuna mkuu wa mradi wa kwenda Jupita ambaye injini yake inalipuka na kuua watu, naye hatikisiki. Kwake la muhimu ni injini ijayo. Katuni haimfanyi shetani. Inakuachia swali baya zaidi: kama bila mtu kama yeye hatufiki Jupita, je, tunataka kufika?

Halafu kuna sehemu ya 11. Fundi kutoka El Tanika, nchi maskini ya kubuniwa, anakuja na vazi la angani lililotengenezwa kwao. Anaomba lijaribiwe. Wakubwa hawana muda naye, ni Nusu Kitengo ndiyo inayomsikiliza. Vazi linafaulu. Lakini vita inaingia nchini kwake, na milango inafungwa. Nilisimamisha video, nikatoka nje kidogo.

Kwa sababu sisi tunalijua hilo vazi. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya X kutoka angani inaitwa Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Jina letu, bahari yetu, lakini setilaiti ilikuwa ya Marekani na jukwaa la Waitalia. Ilichukua mpaka tarehe 11 Mei 2018 kwa setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, kisanduku cha sentimita 10 kila upande, kuachiwa angani. Na iliachiwa kutoka Kibo, maabara ya Japani kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kwa hiyo mara hii kulikuwa na aliyefungua mlango. Planetes haikujua hayo, lakini ilijua yule fundi wa El Tanika anavyosubiri kwenye kiti cha mapokezi na sanduku lake mapajani.

Ina kasoro, tena si ndogo. Sehemu za mwanzo zina utani wa ofisini uliochacha. Tanabe, binti mpya wa kitengo, anahubiri upendo mpaka unataka kumwambia dada, pumzika. Nusu ya pili inakimbilia magaidi na mabomu wakati taka zenyewe zilitosha. Hata hivyo, katika zote tatu ni hii peke yake ambayo wahusika wake wakuu ndio wanaobaki nyuma kusafisha. Kwenye maabara yetu yupo mtu anayechemsha taka za damu na kuosha vyombo kabla sisi hatujafika asubuhi. Nilifanya naye kazi miaka miwili, na jina lake halipo kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu yangu. Niliwashukuru waliosoma rasimu. Yeye nilimsahau.

Sababu ya pili

Niliahidi kurudi. Kwenye utafiti wangu washiriki walikuwa na namba badala ya majina, ndivyo inavyotakiwa. Baadhi ya namba ziliacha kuja kliniki. Wengine walihama. Wawili najua hawakuhama. Kwenye jedwali wote wamekaa safu moja: "waliopotea katika ufuatiliaji". Kitakwimu hakuna kosa, na msimamizi hakuuliza. Lakini niliposimama mbele ya kidato cha pili na kusema "zinaisha tu", ulimi haukuteleza. Nilikuwa nimeshazoea kuongea hivyo.

Basi, ukitaka ushauri wangu: anza na Dr. Stone upate hamu, nenda Cells at Work! upate picha, halafu tenga wiki mbili za Planetes. Na popote unapoangalia sayansi, iwe katuni, habari au semina yetu ya Ijumaa, mtafute mtu mwenye ufagio. Kama haonekani, uliza.

Kwa yule kijana nimempelekea mwalimu wake ukurasa mmoja. Unasema hivi: "Uliuliza swali zuri nikalijibu vibaya. Zinazikwa. Wengu na ini ndiyo makaburi yake, makrofaji ndiyo wazishi, na chuma chake kinarudi kutengeneza nyingine. Samahani kwa kucheka."